Pruitt-Igoe: ghorofa ziliponzwa na nini?

Ukizuka mjadala wa kuwajengea maghorofa watu wa kipato cha chini, hukosi kuoneshwa picha ya mwaka 1972: jengo la Pruitt-Igoe, mradi wa nyumba za umma za kupangisha mjini St. Louis, Marekani, likiporomoshwa kwa baruti. Maneno yanayoandamana na picha hiyo mengi si ya kweli.

Dhana: Mradi ulipata tuzo kubwa ya usanifu.
Haukupata. Michoro ilisifiwa tu kabla ya ujenzi.

Dhana: Mbunifu ndiye aliyewapachika maskini juu.
Minoru Yamasaki, aliyekuja kusanifu World Trade Center, alitaka majengo mafupi yachanganywe na marefu. Serikali kuu ikakataa kwa sababu ya gharama. Mtaa wa DeSoto-Carr ukavunjwa, yakasimama majengo 33, yote ya ghorofa 11, yenye vitasa na mabomba ya bei rahisi. Ila kwa lifti Yamasaki hana pa kujificha: zilisimama ghorofa ya 1, 4, 7 na 10 tu. Wengine walimalizia kwa ngazi, na kwenye ngazi ndiko walikoviziwa na wahalifu.

Dhana: Wapangaji waliziharibu wenyewe.
Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Serikali kuu iligharamia ujenzi. Matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji. Wakati huohuo mji ulikuwa ukihamwa: watu 856,796 mwaka 1950, takriban 622,000 mwaka 1970. Mikopo iliyodhaminiwa na serikali iliwapeleka Wazungu kwenye nyumba mpya za pembezoni, huku Weusi wakinyimwa. Vyumba vikabaki vitupu, mapato yakashuka, lifti zikaharibika bila fundi, na kodi ikazidi kupanda. Juu ya hayo, familia iliyopokea msaada wa serikali haikuruhusiwa kuishi na mwanamume mwenye nguvu za kufanya kazi, kwa hiyo baba alilala kwingine au akajificha mkaguzi alipobisha hodi. Mwaka 1969 wapangaji waligoma kulipa kodi kwa miezi tisa, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likaweka kikomo: kodi isizidi robo ya kipato. Walioharibu kwao hawagomi hivyo.

Dhana: Maghorofa marefu ya umma hayakaliki.
Cochran Gardens, maghorofa ya umma yaliyojengwa miaka ya 1950 kama Pruitt-Igoe, mjini humohumo, hayakubomolewa wakati ule. Mwaka 1976 wapangaji walikabidhiwa usimamizi wake, wakaajiri wenzao kufanya usafi na ukarabati.