Miguu Bado Ina Nguvu: Maswali na Majibu Kuhusu Kutembea kwa Mwenye Parkinson

Nafanya kazi ya fiziotherapia, na wazee wenye ugonjwa wa Parkinson ndio wanaoniweka kazini muda mrefu kuliko wagonjwa wengine. Mara nyingi mzee huja na mwanawe, mkewe au mjukuu, na hao ndio wenye maswali. Haya hapa ni yale ninayoulizwa karibu kila wiki.

Baba alikuwa mtu wa kwenda shamba na kurudi kwa miguu. Sasa anaburuza nyayo, hatua zimekuwa fupi, mkono mmoja hautupi. Je, ni uzee, au miguu imeishiwa nguvu?

Si uzee, na miguu haijaishiwa nguvu. Mlaze kitandani umwambie akusukume kwa mguu, utashangaa.

Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Katika Parkinson seli hizo hufa kidogo kidogo. Dopamini, pamoja na kazi zake nyingine, ndiyo inayosaidia yale tunayofanya kwa mazoea bila kuyafikiria: kutupa mikono tunapotembea, kutanguliza kisigino, kugeuka, kuinuka kitini. Wewe ukienda dukani huwazi goti lako, unawaza sukari. Baba yako mazoea hayo yamevurugika. Hatua hujikata, mgongo huinama, na wakati mwingine hujikuta anakimbilia mbele kwa vihatua vya harakaharaka kama mtu anayesukumwa. Daktari James Parkinson wa London alieleza mwendo huohuo mwaka 1817, na ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina lake.

Ila ubongo una njia nyingine ya kutembea, ile ya kukusudia. Hiyo humtegemea mtu anavyotazama, anavyosikia na anavyohesabu, na kwa wengi bado inapitika. Mchoree baba mstari sakafuni umwambie auvuke: mguu uleule uliokuwa ukiburuzwa utanyanyuka. Karibu kila tunachomfundisha kimejengwa juu ya jambo hilo.

Anaganda mlangoni. Anakuwa kama amegundishwa sakafuni, nasi tunamvuta. Tunakosea?

Mnakosea, na wala si ninyi peke yenu. Ukimvuta mkono, kifua kinakwenda mbele na nyayo zinabaki, kisha anaanguka. Ukimwambia "haraka baba, watu wanasubiri," anaganda zaidi, kwa sababu haraka na hofu huuzidishia mzigo ubongo ambao tayari umelemewa.

Kuganda hupenda mahali maalumu: mlangoni, kwenye kona, pahali pembamba kati ya kochi na meza, mtu anapoanza kuondoka, au anapokaribia kiti. Akiganda, fanyeni hivi. Kwanza asimame kabisa, aache kupambana. Avute pumzi na kuitoa. Anyooke, kisha ahamishe uzito wa mwili kushoto na kulia mara mbili tatu, kama mama anayembembeleza mtoto mgongoni. Halafu achague mguu mmoja na kupiga hatua moja kubwa, kisigino mbele. Ikishindikana, weka mguu wako ukingama mbele ya wake umwambie auvuke. Wewe simama pembeni yake, nyuma kidogo, usisimame mbele yake ukamzibia njia.

Nilimtembelea mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye mlango wa chumbani kwake ulikuwa umemshinda kwa miezi. Alikuwa akifika kizingitini anatetema magoti, anashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Mjukuu wake wa darasa la nne akachukua chaki, akachora mistari sita kuanzia ndani hadi koridoni. Tulimwomba babu aikanyage mmoja mmoja. Hakuyumba hadi wa nne. Pale akasita, na mjukuu bila kuambiwa na mtu akaanza: "Mchakamchaka!" Babu akaitikia, "Chinja!" Akamaliza mistari yote huku akiitikia. Huyo ndiye aliyeongoza mchakamchaka shuleni kwa miaka mingi, na mdundo ule ulikuwa ungali umo mwilini mwake.

Kwa hiyo nyimbo na mistari ni tiba ya kweli, au ni kumchangamsha tu?

Ni tiba ya kweli, na imepimwa. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ulaya uliohusisha wagonjwa 153 waliofundishwa nyumbani kwao kutembea kwa kufuata mdundo au alama. Hatua zao ziliboreka. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba faida hupungua mazoezi yakiachwa, ndiyo maana nasisitiza kila siku.

Lakini uliopo karibu na moyo wangu ni wa hapahapa, wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika watu zaidi ya 161,000, walipata 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Baadaye wagonjwa wa huko ambao hawakuwa wameanza dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata viashiria, na mwendo wao ukaimarika. Matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kwa hiyo familia isiyopata dawa leo isikae ikisubiri. Chaki ipo.

Tufanye mazoezi gani nyumbani?

Kwa mistari, anzeni na nafasi ya sentimita 40 hadi 50, kisha mrekebishe kulingana na urefu wa hatua yake akiwa vizuri. Chaki, rangi au selotepu yenye rangi tofauti na sakafu vyote vinafaa. Msitandaze kanga wala kamba. Vinateleza na kunasa vidole.

Kwa mdundo, hesabuni kwanza hatua zake za dakika moja akitembea kawaida. Kisha tafuteni wimbo, ngoma au programu ya simu inayogonga kwa kasi hiyo. Asiyeganda anaweza kuongezewa kidogo. Anayeganda msimzidishie, mara nyingi kasi ya chini kidogo ndiyo inayomfaa. Asiyependa vyombo ahesabu kimoyomoyo, au aseme "kisigino, kisigino."

Kugeuka ndiko kunakoangusha wengi. Asijipinde papo hapo kwa mguu mmoja; azunguke kwa mduara mpana, kama lori linavyogeuza uwanjani, akinyanyua nyayo. Mazoezi ya kuinuka kitini bila kushika, kutupa mikono kwa makusudi na kunyoosha mgongo akiegemea ukuta yanastahili nafasi yao kila siku. Nusu saa inatosha kuanzia, hata ikigawanywa mara mbili au tatu. Kama kuna kitu alichokipenda zamani, kianze hicho. Madaktari wa Uholanzi waliwahi kueleza habari za mgonjwa aliyeganda vibaya akitembea lakini akaendesha baiskeli vizuri kabisa. Sisemi mpandisheni barabara kuu. Baiskeli ya kusimama ya mazoezi inatosha.

Na jambo moja ambalo familia nyingi hulisahau: akitembea, msimsemeshe. Njia ile ya kukusudia haipokei kazi mbili kwa wakati mmoja. Bibi mmoja alikuwa akitembea vizuri hadi anapobebeshwa trei ya chai au binti yake anapomwuliza bei ya mchele. Hapo hapo hatua zinakatika. Asimame, ajibu, kisha aendelee.

Mazoezi na dawa vinaendaje pamoja?

Afanye mazoezi wakati dawa imekolea, si ile saa anayosubiri dozi nyingine huku mwili umekaza. Dawa kuu, levodopa, imezwe kwa saa zilezile kila siku. Chakula chenye protini nyingi kama nyama, maharage au maziwa huweza kuzuia isifyonzwe vizuri, hivyo wengi hunufaika wakiimeza nusu saa kabla ya kula. Ikimtia kichefuchefu, aongee na daktari wake kwanza. Andikeni kwenye daftari anaganda saa ngapi na dozi ilikuwa saa ngapi. Ukurasa huo humsaidia daktari kuliko maelezo ya "anasumbuka sana."

Kuna anayeniuliza kuhusu upupu. Ni kweli mbegu zake zina levodopa, na watafiti wanazichunguza. Lakini kiasi hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na kuzichanganya na vidonge bila daktari kujua ni hatari.

Tumnunulie fremu ya kutembelea?

Msikimbilie. Ile isiyo na magurudumu, inayonyanyuliwa kila hatua, huweza kukatiza mwendo na kumgandisha zaidi. Yenye magurudumu na breki huwafaa wengine, ila kwa anayekimbilia mbele inaweza kumtoroka. Ajaribu mbele ya mtaalamu kwanza. Viatu ni rahisi zaidi: vyenye kisigino kilichofungwa, soli isiyoteleza lakini isiyonata. Kandambili ziishie bafuni, na huko pia ningeweka kiatu. Ondoeni mikeka na mazulia kwenye mapito, wekeni taa ya usiku njia ya chooni, na chuma cha kushikia ukutani, hasa choo kikiwa cha kuchuchumaa.

Asubuhi aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili kabla ya kusimama. Ugonjwa huu na dawa zake hushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka, na wapo wanaoanguka kwa kizunguzungu ilhali familia inalaumu miguu.

Lini turudi hospitali bila kusubiri tarehe?

Akianguka na kushindwa kukanyagia mguu, au akigonga kichwa. Mwili ukilegea upande mmoja ghafla, uso ukapinda au maneno yakapotea, hiyo si Parkinson, huenda ni kiharusi. Mpelekeni saa hiyohiyo. Kama ameanza kuangukaanguka ndani ya mwaka wa kwanza wa dalili, mwambieni daktari, maana yapo magonjwa yanayofanana na Parkinson. Na mwonyesheni dawa zote anazotumia. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, kwa mfano, huweza kuleta au kuzidisha dalili hizihizi.

Mama hataki tena kutoka. Anaona aibu, anasema watu watadhani amelewa au amerogwa.

Hili huniuma kuliko yote, kwa sababu anayejifungia ndani miguu yake humwishia kweli, safari hii kwa kukaa. Msimburute, lakini msimwachie chumba. Anzeni na safari moja aliyoipenda: jumuiya, msikitini, kwa shoga yake. Nendeni mapema kabla watu hawajajaa mlangoni, akae kiti cha pembeni karibu na njia. Majirani waelezeni kwa maneno machache kwamba ni ugonjwa wa ubongo, na hauambukizi. Na kwenye daladala, kabla hamjafika kituoni, mwambie kondakta kwa sauti: "Kuna mama anashuka, mpe muda." Kisha shuka wewe kwanza, simama pembeni ya mlango, umhesabie: moja, mbili, kisigino.