Si kila ndege anahitaji mti

Hapa Nairobi, kila msimu wa mvua ukikaribia, watu hujipanga kwenda kwenye uwanda wa Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, kupanda miti "ili ndege warudi". Nia ni njema. Lakini yupo ndege mmoja wa huko ambaye msitu wa mikaratusi humfukuza kwake.

Wanasayansi humwita Macronyx sharpei. Ni mdogo, mgongo wa rangi ya nyasi kavu, kifua cha manjano, na kucha ya kidole cha nyuma ni ndefu ajabu. Duniani kote anapatikana Kenya tu, kwenye mbuga za nyasi za nyanda za juu. Hutembea chini akitafuta panzi na mbawakawa, na kiota hukificha kwenye shungi la nyasi, karibu kabisa na udongo. Shungi likilimwa, hana pa kutagia. Ndiyo maana yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Watu huona nyasi tupu wakadhani ni ardhi iliyoharibiwa, msitu uliokatwa. Sivyo. Sehemu kubwa ya uwanda ule, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, ilikuwa nyasi tangu zamani. Viazi na kabeji tunazonunua sokoni zimechukua sehemu yake, na siwalaumu wakulima, wanasomesha watoto. Ila kondoo wachache wakichungwa kwa kiasi, mashungi yakabaki, ndege huyu huishi nao vizuri.

Miche ipelekeni kwenye milima ya Nyandarua (Aberdare), penye misitu iliyokatwa. Nyasi za Kinangop ziacheni zilivyo.