Je, wajua bunduki ya wachunga ng'ombe wa Marekani ilipigana Vita Kuu ya Kwanza?

Bunduki hii wengi wanaijua kwa filamu: chini ya kifyatulio kuna kitanzi cha chuma, mpigaji hukisukuma mbele na kukirudisha, ganda tupu linaruka nje na risasi mpya inaingia. Kitanzi hicho ni wenzo, na bunduki za namna hii zimehusishwa mno na wachunga ng'ombe na wawindaji hata watu wengi wanaamini hazikuwahi kuwa silaha ya jeshi lolote. Hoja wanazotoa ni mbili. Ya kwanza, askari aliyelala kifudifudi hana nafasi ya kuushusha wenzo bila kugonga ardhi. Ya pili, risasi za kisasa zenye ncha kali zingelipuka ndani ya magazini, yaani sehemu ya bunduki inayohifadhi risasi.

Hoja zote mbili zina msingi, ila haziwafikishi pale wanapodhani. Kati ya 1915 na 1916 kiwanda cha Winchester kilichokuwa New Haven, Connecticut, kiliiuzia Urusi bunduki za wenzo za Modeli 1895 zipatazo 294,000 kwa ajili ya vita. Hizo ni zaidi ya theluthi mbili ya bunduki zote za Modeli 1895 zilizowahi kutengenezwa. Kwa hiyo modeli hiyo, ukiihesabu kwa wingi wake, ilikuwa bunduki ya askari kuliko ilivyokuwa ya mwindaji.

Ilikuwaje basi hofu ya risasi zenye ncha isiizuie? Jibu liko kwenye magazini. Bunduki nyingi za wenzo huhifadhi risasi ndani ya bomba refu lililolala chini ya mtutu. Risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, na kichwa cha iliyo nyuma hugusa kitako cha iliyo mbele, mahali palipo na fataki inayowasha baruti. Fikiria watu waliopanga mstari gizani, kila mmoja ameshika mkuki na ncha yake imegusa mgongo wa aliye mbele. Wakitulia, hakuna anayeumia. Lakini bunduki inapofyatuliwa hurudi nyuma kwa kishindo, springi ndani ya bomba inabanwa kisha inasukuma, na mstari mzima unagongana. Ncha ikiipiga fataki sawasawa, risasi italipuka mahali isipotakiwa, karibu kabisa na kiganja cha mpigaji. Ndiyo maana risasi za mabomba hayo zilitengenezwa zikiwa na vichwa butu: watu ni walewale na mstari ni uleule, ila sasa wameshika marungu.

John Browning, aliyebuni Modeli 1895, aliuvunja mstari wenyewe. Aliondoa bomba akaweka sanduku chini ya mwili wa bunduki, risasi zikakaa moja juu ya nyingine. Ncha haielekei tena fataki ya jirani. Urusi ilikuwa imeanza kutumia risasi yenye ncha mwaka 1908, ile ya milimita 7.62 ya Mosin-Nagant, bunduki ya kawaida ya askari wake, na Modeli 1895 iliweza kuipiga bila hatari hiyo. Shida ya kulala kifudifudi ilibaki palepale. Lakini mwaka 1915 viwanda vya Urusi havikuweza kabisa kufikia mahitaji, na kulikuwa na askari waliofika mstari wa mbele bila bunduki mkononi. Jeshi lililo katika hali hiyo hununua kinachopatikana.

Kwa mkusanyaji wa bunduki za kale, bunduki ya Urusi ndiyo rahisi kuitambua, na kwa maoni yangu ndiyo yenye kuvutia kuliko zote. Tazama juu ya mwili wa chuma, pale boliti, kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya risasi, inapopita: utaona vishikio viwili vilivyosimama. Kazi yake ni kushika klipu ya Mosin-Nagant, kipande cha chuma kinachobana risasi tano pamoja, ili askari azisukume zote sandukuni kwa mkupuo mmoja. Ongeza mtutu mrefu, mti uliofunika karibu urefu wote wa mtutu huo, na mahali pa kufunga singe, kisu cha mbele ya mtutu. Wengi walioziuziwa baada ya vita walikata mti na mtutu ili wapate bunduki nyepesi ya kuwindia, lakini vishikio mara nyingi vilibaki. Linganisha na ile ambayo Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alikuja nayo Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake ya uwindaji: nayo ni Modeli 1895, ya risasi nene ya inchi .405, ila haina vishikio vya klipu wala mahali pa singe. Bunduki zote mbili zimetoka mkono wa mbunifu mmoja, na zimeachana kwa sababu ya kazi zilizoombewa.

Zile za bomba nazo zilivaa sare, ila kwa kazi za pembeni. Ufaransa ilinunua Winchester Modeli 1894 zipatazo 15,000, zikaenda kwa watu kama madereva na wapeleka barua wa pikipiki. Hizi hujulikana kwa kilengeo cha vipimo vya mita na pete za mkanda zilizowekwa ubavuni upande wa kushoto. Jeshi la majini la Uingereza lilichukua kama 5,000 ili bunduki zake za kawaida ziende nchi kavu.

Marekani yenyewe ilinunua 1,800 mwaka 1918, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho. Hazikuvuka bahari. Zilipelekwa kwenye misitu ya kaskazini-magharibi, ambako jeshi lilikuwa likisimamia ukataji wa misprusi, miti ambayo mbao zake nyepesi na imara zilitengeneza ndege za vita, baada ya migomo ya wakata miti kuutikisa uzalishaji. Alama yake ni herufi U.S. pamoja na picha ndogo ya bomu linalowaka, zimegongwa juu ya chuma mbele ya boliti. Zaidi ya hapo, ni Modeli 1894 ya kawaida kabisa. Mtu mwenye nyundo na muhuri wa chuma anaweza kuipandisha bei bunduki ya dukani, na wapo waliofanya hivyo. Chapa peke yake, basi, si ushahidi wa kutosha. Namba ya bunduki lazima iangukie mwaka unaofaa, na kingo za chapa ziwe zimechakaa sambamba na chuma kinachoizunguka. Jumba la makumbusho la silaha la Cody, Wyoming, hutoa barua zinazothibitisha bunduki kwa kutumia daftari za kiwanda, lakini daftari zilizosalia za Modeli 1894 zinaishia kwenye namba 353,999, muda mrefu kabla ya vita hivyo. Muuzaji akikwambia bunduki yake ya 1918 ina barua ya namna hiyo, iangalie vizuri kabla hujatoa fedha.

Kanada ndiyo iliyozirudisha kazini katika vita vya pili. Mwaka 1942, kwa hofu ya Wajapani kushuka pwani ya British Columbia, iliundwa milisia ya wavuvi, wawindaji na wakata miti iliyoitwa Pacific Coast Militia Rangers. Walipewa Winchester 94 (ndiyo ile Modeli 1894) na Marlin 36, bunduki za wenzo ambazo wengi wao walishazizoea msituni. Chapa yake ni herufi C yenye mshale ndani, na inafaa kuitafuta kwenye chuma na kwenye mti pia. Milisia ilipovunjwa mwaka 1945, wanachama waliruhusiwa kununua bunduki zao kwa dola 5. Nyingi zikabaki kwenye familia zilezile, na hati ya mauzo au kitambulisho cha milisia kilichotunzwa pamoja na bunduki kina uzito ambao chapa haiwezi kuufikia.