Kwa nini jumba la makumbusho la Boston linatundika fremu tupu?

Katika Jumba la Makumbusho la Isabella Stewart Gardner, mjini Boston, Marekani, kuna fremu za kupendeza zisizo na picha ndani yake. Ukizitazama unaona ukuta tu. Haziondolewi, na chanzo chake ni matakwa ya mwanamke mmoja, Isabella mwenyewe, aliyefariki mwaka 1924.

Isabella alizaliwa New York mwaka 1840, akaolewa na Jack Gardner, tajiri wa Boston. Mtoto wao wa pekee alifariki kabla hajatimiza miaka miwili, na huzuni ikamdhoofisha mama mpaka mumewe akamsafirisha Ulaya apate nafuu. Baba yake Isabella alipofariki mwaka 1891 alimwachia urithi mkubwa. Mwaka uliofuata, kwenye mnada mjini Paris, alinunua picha ya Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, iitwayo *Tamasha*. Vermeer ameacha picha zisizofika hata arobaini, kwa hiyo jicho la mama huyu halikuwa la kubahatisha.

Baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1898 alijenga jumba lenye sura ya makasri ya Venice, akalifungua mwaka 1903. Yeye aliishi ghorofa ya juu. Kila picha, kiti na kitambaa alikipangia mahali pake mwenyewe, na hapa ndipo penye siri yote: kwake, mpangilio ule ulikuwa kazi ya sanaa kamili. Alipokufa aliyakumbuka kwa fedha mashirika ya kutetea watoto na wanyama, lakini kuhusu jumba wosia wake ulikuwa mkali. Wadhamini wakibadili mpangilio, kila kitu kiuzwe Paris na fedha ziende Chuo Kikuu cha Harvard.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1990, wanaume wawili waliovaa sare za polisi waliingia, wakawafunga walinzi na kuondoka na kazi 13 za sanaa baada ya dakika 81. Walichukua *Tamasha*, na pia picha pekee ya bahari inayojulikana kuchorwa na Rembrandt, mchoraji mwingine Mholanzi. Inauma kuandika kwamba hakuna hata moja iliyopatikana, ingawa zawadi ya dola milioni 10 imetangazwa.

Kuweka picha nyingine mahali pake ni kuuvunja wosia, na pia ni kukata tamaa kwamba zitarudi. Kwa hiyo fremu ya Vermeer bado iko juu ya meza kando ya dirisha, pale pale Isabella alipoiweka.