Baba mkubwa Ben hakusema yale maneno: tunayokosea kuhusu asili za mashujaa wa komiki za zamani

Juzi kwa kinyozi ubishi ulianzia kwa Spider-Man. Jamaa mmoja povu limemjaa shingoni anasema yule mzee Ben, mlezi wa Peter Parker ambaye ndo Spider-Man mwenyewe, wakati anakata roho ndo alimwambia Peter yale maneno, kwamba ukiwa na nguvu kubwa na wajibu wako unakuwa mkubwa, na saluni nzima inaitikia ndio, ndio, wote tumeona. Tumeona kwenye muvi, sawa. Mimi nikasema kwenye komiki ya kwanza mzee hajasema kitu kama hicho, nikaambiwa nakaa sana kwenye simu. Mashine ya kunyolea ilikuwa na sauti kuliko mimi, nikanyamaza.

Halafu tunamwita Mjomba Ben wakati yeye ni Parker na Peter ni Parker, kaka wa baba yake kabisa, kwetu huyo si mjomba ni baba mkubwa. Ila hilo tuliache, watafsiri wameshatuharibia.

Stori yenyewe iko Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, Stan Lee kaandika, Steve Ditko kachora, kurasa 11 tu mambo yameisha. Buibui mwenye mionzi anamng'ata dogo, dogo anapata nguvu, na kitu cha kwanza anachofikiria si kuokoa mtu, ni hela. Anapanda ulingoni na mpiga mieleka anaitwa Crusher Hogan, dau dola 100 ukimaliza naye dakika tatu, akitoka hapo anakuwa staa wa TV. Siku moja mwizi anakatiza mbele yake, polisi anapiga kelele mzuie huyo, yeye anamwangalia tu mpaka mlango wa lifti unajifunga. Baadaye anarudi nyumbani anakuta gari la polisi nje, anaambiwa baba'ko mkubwa kauawa na mwizi aliyevunja nyumba, kumbe ndo yule yule aliyemwacha apite. Basi. Hatuoni mzee akifa, hakuna kushikana mikono, hakuna wosia. Yale maneno yako kwenye kisanduku cha msimulizi, mchoro wa mwisho kabisa, kijana mwembamba anaishilia gizani taratibu hasemi neno, na yanasema pamoja na nguvu kubwa lazima uje pia wajibu mkubwa. Ni mwandishi anatuambia sisi wasomaji. Waandishi waliofuata ndo wakayabeba wakaenda kuyatia mdomoni mwa marehemu. Mimi naona ile ya kwanza inauma zaidi, maana dogo hakuusiwa na mtu, kajua mwenyewe, na kajua akiwa keshachelewa.

Na zile nyuzi hazimtoki mwilini jamani, hiyo ni muvi ya 2002. Kwenye komiki katengeneza kifaa mwenyewe, kichwa kilikuwa kinachemka yule.

Hiki kisa cha Ben ndo kilinifanya nianze kutafuta matoleo ya mwanzo ya hawa wengine, nikagundua karibu wote ni hivyo hivyo. Asili tunayoijua ni nguo ya viraka, kiraka kimoja cha redio, kingine cha kampuni jirani iliyolalamika, kingine mtambo wa kuchapa ulizingua.

Chukua Superman. Kila mtu anajua alizaliwa sayari ya Krypton, akalelewa na wazee wa shamba akina Kent, anapaa, nguvu anapewa na jua letu la njano, na jiwe la kijani linamlegeza. Sasa fungua Action Comics namba 1, kava limeandikwa Juni 1938 lakini mtaani ilikuwa imeshaingia tangu Aprili, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland. Asili yote imekaa ukurasa mmoja. Sayari inakufa kwa uzee, haijatajwa jina. Mwanasayansi anamtumbukiza mwanawe kwenye chombo alichokiunda harakaharaka, kinatua duniani, dereva aliyekuwa anajipitia zake anaokota mtoto na kumpeleka kituo cha watoto yatima. Wazee wa shamba hawapo! Kuna mchoro mmoja naupenda sana, wahudumu wa kituo wametoa macho, kichanga kimenyanyua likiti juu ya kichwa kwa mkono mmoja. Kupaa hapai, anaruka tu, ghorofa ishirini anaivuka na anafika mbali kama viwanja viwili vya mpira hivi, yaani robo ya kilomita haifiki. Risasi haimwingii ila kombora likipasuka hapo mjadala unabadilika. Na nguvu zake maelezo yake si jua, ni kwamba watu wa kwao miili yao imeendelea kuliko yetu, halafu wanakupa na mfano ili uamini: mbona sisimizi anabeba mzigo mara mamia ya uzito wake, mbona panzi anaruka hivi. Hoja ya kijiweni kabisa lakini inaingia akilini.

Viraka vikaja kimoja kimoja. Akina Kent waliingia 1939 kwenye Superman namba 1. Jina la Krypton lilitokea mwaka huohuo kwenye katuni za magazetini. Kupaa kulizoeleka kupitia kipindi cha redio na zile katuni za sinema za studio ya Fleischer za 1941. Lile jiwe ni la redio kabisa, 1943, komiki zikaja kulichukua 1949. Jua la njano limesubiri mpaka miaka ya 60. Kwa hiyo mtu akikwambia "Superman halisi" muulize wa mwaka gani. Na wale vijana wawili kwa stori ile ya kwanza, kurasa 13, walilipwa dola 130 na haki zote zikaenda na hizo dola, ukizigawa kwa wawili utaona mwenyewe.

Batman naye watu hudhani kaanza na lile tukio la uchochoroni, baba na mama wanapigwa risasi, mtoto kapiga magoti, lulu zinamwagika chini moja moja. Hamna. Ametokea Detective Comics namba 27 ya Mei 1939 bila sababu yoyote, mwisho wa stori ndo unaambiwa kumbe ni yule tajiri mvivu Bruce Wayne, na kwa nini anavaa vile haulizwi mtu. Wazazi walikuja kufa namba 33, Novemba, ndani ya kurasa mbili. Jambazi anataka mkufu wa mama, baba anaingilia, risasi. Mtoto anaapa. Miaka inapita, kakaa sebuleni anawaza avae nini atishe wahalifu, popo anaingia dirishani, tayari. Lulu zinazoanguka taratibu ni za 1986. Jina la muuaji, Joe Chill, lilikuja 1948. Hata mji wa Gotham mwanzoni haukuwepo, alikuwa anafanyia kazi New York.

Tena kuna wale wa "Batman haui na hashiki bunduki, ndo msingi wake tangu siku ya kwanza". Siku ya kwanza ipi? Batman namba 1 ya 1940 yuko juu kwenye ndege yake anamimina risasi za mashinigani kwenye lori la wabaya, anasema hapendi kutoa uhai wa mtu ila leo imebidi. Wahariri ndo baadaye walimkataza. Na kwa miaka mingi sifa zote alikuwa anachukua mchoraji Bob Kane peke yake, wakati Bill Finger aliandika sehemu kubwa ya mambo yanayomfanya Batman awe Batman, jina lake likaja kuwekwa rasmi 2015 na mwenyewe alishafariki tangu 1974.

Captain America nampitia fasta. Watu wanajua anampiga Hitler ngumi kwenye kava kwa sababu Marekani ilikuwa vitani. Haikuwa vitani bado! Toleo limeandikwa Machi 1941 na liliingia sokoni Desemba 1940, karibu mwaka mzima kabla ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor na Marekani kuingia vitani, Joe Simon na Jack Kirby walikuwa wanachokoza makusudi. Ngao pia haikuwa duara, ilikuwa na pembe, ila kampuni ya MLJ walikuwa na shujaa wao The Shield ambaye vazi lake lilifanana nayo wakalalamika, toleo la pili ikawa duara. Nembo inayouzwa kwenye mabegi dunia nzima imetokana na kuogopa kesi. Ile stori ya kuganda kwenye barafu miaka mingi ni ya 1964, waandishi walikuwa wanatafuta namna ya kumrudisha.

Hulk naye alikuwa wa kijivu. Mei 1962, namba 1, kijivu, ila wachapaji walishindwa kuitoa rangi moja, ukurasa huu mweusi, unaofuata kama majivu, toleo la pili wakampaka kijani yakaisha. Na hasira haikuwa na kazi, alikuwa anabadilika jua likizama, kama mambo ya hadithi za bibi.

Wonder Woman kuumbwa kwa udongo hakumo kwenye stori yake ya kwanza ya 1941, kumeingia 1942. Na yule wa Shazam, jina lake la 1940 ni Captain Marvel, Shazam ni mchawi mzee aliyempa nguvu, jina lenyewe ni herufi za kwanza za akina Suleimani, Hercules na wenzao, ila wenye Superman walishtaki, kesi ikaburuzwa mpaka 1953 komiki ikafungwa, kuja kurudi kampuni ya Marvel wameshalichukua jina. Jina kalipoteza kwa sababu ya kesi, steringi mzima.

Black Panther wengi wanasema kaitwa hivyo kufuata kile chama cha watu weusi cha Oakland. Chama kilianzishwa Oktoba 1966, yeye yuko Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966. Hesabu rahisi tu.

Nimemwacha Storm wa mwisho kwa sababu huyu ni wa kwetu, au tunavyosema. Ubishi wake ukianza Mkenya anamdai, Mtanzania anamdai. Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975, Len Wein na Dave Cockrum, Profesa X, mkuu wa kundi la X-Men, anamkuta Kenya watu wanamwomba mvua kama mungu, ukame umewapiga, na yeye anainua mikono mawingu yanakusanyika. Tukahitimisha, kazaliwa Kenya. Kumbe X-Men namba 102 ya Desemba 1976, Chris Claremont anatoa stori kamili: kazaliwa Harlem, New York! Baba ni mpiga picha Mmarekani, mama ndo binti wa kifalme kutoka Kenya. Akiwa mdogo wakahamia Cairo, vita ya Suez ya 1956 ndege ikaangukia nyumba yao, wazazi wakafa, yeye akabaki kafukiwa na kifusi pembeni ya mama yake, ndo maana mpaka leo ukimfungia chumba kidogo anachanganyikiwa, anayeamrisha radi. Akawa mwizi wa mifuko mitaani Cairo, alipokua akashuka kusini kwa miguu mpaka nyika za Serengeti, na Serengeti wote tunajua iko wapi, kwa hiyo wa upande wetu tuna pa kushikia.

Jina lake Ororo, komiki inasema maana yake ni uzuri. Kwa lugha gani sijui, lakini Kiswahili kina -ororo na maana yake ni laini, ndo ile ile ya tangazo la sabuni, ngozi nyororo. Nilipolisema hili kwa kinyozi wiki iliyofuata, yule jamaa wa povu kwa mara ya kwanza akakaa kimya, kisha akauliza, sasa anayeshusha radi kawaje laini?