Nyumba ya paneli: angalia maungio kwanza

Wateja wengi wanaotuulizia kuta za paneli, yaani vipande vikubwa vya ukuta vilivyotengenezwa tayari, hapa Moshi hugonga kipande cha mfano kwa kidole. Mlio ukiwa mzito, wanaridhika. Mimi huwaomba waangalie pale paneli moja inapokutana na nyenzake, maana hapo ndipo usalama wa nyumba hizi ulipo.

Ushahidi wa hilo ni Ronan Point, jengo la ghorofa 22 lililojengwa London kwa paneli za zege. Tarehe 16 Mei 1968 gesi ya jiko ililipuka katika ghorofa ya 18. Ukuta mmoja wa nje ukasukumwa ukatoka, na kwa kuwa ndio uliobeba kuta za juu yake, kona nzima ikaporomoka hadi chini. Watu 4 walikufa. Zege lenyewe halikuwa na kasoro kubwa. Paneli hazikufungwa vya kutosha kwa nondo.

Huku kwetu paneli za zege ni ngumu kutumika vijijini. Moja ya mita 3 kwa 3, unene wa sentimita 15, ina uzito wa zaidi ya tani 3. Kreni gani itapita kwenye njia za migombani kule Kibosho? Kwa hiyo napendelea paneli za povu gumu la plastiki lililobanwa katikati ya nyavu mbili za waya, kisha likapigwa lipu ya saruji pande zote. Kabla ya lipu, vijana wawili wanaibeba moja begani. Tena ukuta mwepesi una faida tukitikiswa, na kutikiswa kupo: tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga karibu na Mlima Gelai, kaskazini mwa Arusha.

Lakini wepesi peke yake haukuokoi. Nondo fupi zichomoze kwenye msingi na zifungwe na wavu wa paneli. Kila kiungo kipitishiwe kipande cha wavu, kila kona iwekewe wavu uliokunjwa, ndani na nje. Pembe za madirisha ziongezewe wavu wa mshazari, la sivyo nyufa zitaanzia hapo. Haya yote yakaguliwe na mhandisi aliyesajiliwa kabla ya lipu, kwa sababu baada ya lipu hakuna atakayeyaona tena. Na lipu iwe kama sentimita 3 kila upande, imwagiliwe maji wiki nzima. Fundi aliyezoea tofali ataipiga nyembamba usipomsimamia.

Moto nauogopa kweli. Povu hulainika kwenye joto la takriban nyuzi 100, na moshi wake ni sumu, hivyo lisiachwe wazi popote, hata nyuma ya swichi au juu ya dari.

Mabomba ya umeme na maji yapitishwe mapema. Ukija kuchimba ukuta baadaye kwa tindo, unakata wavu unaoushikilia.

Kuhusu gharama, unaokoa zaidi muda wa kunyanyua kuta. Msingi na paa vinabaki na bei yake.