Travarica sio gongo la Wakroatia, na dawa ya tumbo pia sio

Kuna watu wakiona chupa ya travarica, ile pombe kali ya majani ya Kroatia, yenye matawi ndani wanasema moja kwa moja hili gongo la Kroatia limepikwa na mizizi, jamani hapana. Kinachopikwa ni makapi ya zabibu yanayobaki baada ya kukamua divai, inatoka rakija, yaani pombe kali ya huko, nyeupe kama maji, ndo baadaye inamiminwa kwenye chupa yenye rozmari, seji, shamari, nanaa, kila nyumba na mchanganyiko wake, inaachwa wiki kadhaa mpaka ishike rangi na harufu. Jina lenyewe linatokana na trava, yaani majani. Na ule ukijani sio rangi ya dukani, chupa ikikaa juani unafifia inakuwa kama chai ya rangi, haijaharibika.

Eti ni ileile nchi nzima? Thubutu. Pwani ya Dalmatia ndo kwenye travarica hasa, kisiwani Vis wanaloweka maganda ya karobu, rasi ya Istria wana biska, rakija ya yale majani yanayoota juu ya miti mingine, kamji ka Hum kanajulikana kwa hiyo.

Sasa hili la dawa ndo linanikera, maana hata wenyewe watakwambia toti moja baada ya kula inasaga chakula. Kumbe pombe kali inachelewesha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo, wewe unahisi joto na harufu ya majani basi unaona kama umepona. Joto lenyewe ni damu inakimbilia kwenye ngozi, na mwili unazidi kupoteza joto, kwahiyo kwenye baridi kali imekudanganya. WHO, Shirika la Afya Duniani, walishasema Januari 2023 hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Halafu "ni majani tu ya asili" nayo sio kinga, kuna chupa za Istria zina tawi la ruta, mmea mchungu wenye harufu kali, na ruta inaweza kubana mji wa mimba, mjamzito hata bila pombe asiiguse.

Na wageni wanaopiga mkupuo kama tekila wanakosa utamu wake. Unakaribishwa kaglasi kadogo, pengine asubuhi kabisa, na tini kavu pembeni, unaonja taratibu huku stori zinaendelea. Kabla ya hapo mnagonga glasi na kutakiana heri, "Živjeli!", mnaangaliana machoni, ukikodolea glasi utaambiwa urudie.